Stima kidogo, vyombo vingi: jinsi ya kuendesha jikoni la hoteli ndogo Nairobi bila breka kukata kila saa

Swali ni lile lile kila mara. Mtu amefungua joint ya chipsi Pipeline, amenunua mashine ya matangi mawili, akiwasha pamoja na maikrowevu duka lote linaingia giza na wateja wamesimama hapo mlangoni. Mwingine yuko Githurai na oveni ya keki, mwingine Roysambu ameona mashine ya kahawa mahali ikiuzwa bei poa anauliza kama duka lake litaibeba. Nimejibu haya maswali mpaka nimechoka kuandika kwa simu, basi wacha niandike yote hapa mara moja.

Kitu cha kwanza uelewe: duka nyingi za kukodisha huku mtaani ziliwekewa waya za mtu anayeuza mkate, soda na kredo. Taa mbili, soketi mbili, friji moja. Wewe umekuja na jikoni nzima. Na kinachokuangusha si uniti unazokula kwa mwezi, ni vitu viwili au vitatu vya kutoa joto vikiwaka kwa dakika moja. Ukijipanga kwa hiyo dakika moja, hiyo stima kidogo inatosha wengi wenu, bila kubembeleza mtu akuongezee.

KABLA HUJAANZA, KUWA NA HIVI

Karatasi na kalamu, au simu kama wewe ni wa simu. Picha ya kibandiko cha nyuma cha kila chombo (si kile cha mbele, nitaeleza kwa nini). Ruhusa ya keateka au mwenye ploti kufungua kabati la mita, juu bila hiyo mtagombana. Na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, kwa kazi yoyote ya kufungua boksi la breka au kuvuta waya. Mwambie akuonyeshe hiyo leseni, aliye nayo haoni shida kuionyesha. Kama ana klampu mita, ile inayokumbatia waya na kusoma ampea bila kuukata, afadhali zaidi.

Hesabu ni moja tu: wati gawanya kwa 240 unapata ampea. Stima ya kawaida ya duka ni volti 240, fezi moja, yaani waya mmoja tu unaoleta stima. Chombo cha wati 2,400 kinakula ampea 10. Hiyo ndiyo elimu yote unayohitaji leo.

HATUA KWA HATUA

1. Jua kikomo chako

Nenda kwa mita ufuate waya mpaka ndani ya duka. Kuna breka pale kwa mita au sabmita yako (mita ndogo ya mwenye ploti), kuna waya unaotoka hapo kuja dukani, halafu kuna meni swichi na breka za ndani. Kikomo chako ni kile kidogo zaidi kati ya hivyo, si kile kikubwa. Unaweza kukuta breka ya ampea 40 imefungiwa waya wa milimita 4 za mraba (huo ndio unene wa kopa ya ndani), na hapo kikomo ni cha waya, si cha breka.

Kwa waya wa kopa uliopita ndani ya bomba ukutani, mimi hutumia hizi, ziko upande wa usalama: waya wa 2.5 beba ampea 20, wa 4 beba 25, wa 6 beba 32, wa 10 beba 45. Kama mita iko chini geti na wewe uko mwisho kabisa wa ploti, ongeza saizi moja, juu waya mrefu unameza volti njiani. Mita 30 za waya wa 2.5 zikibeba ampea 20 zinakupotezea karibu volti 11 kabla stima haijafika kwa chombo.

Ukishapata hiyo namba, chukua asilimia 80 yake ndiyo iwe yako ya kila siku. Breka ya 32 inamaanisha unapanga kazi yako ndani ya ampea 25 hivi, yaani wati elfu sita na kidogo.

2. Orodhesha kila kitu chenye plagi

Kila kitu. Hata ile redio. Soma kibandiko cha nyuma, penye wameandika wati zinazoingia. Maikrowevu ndiyo hudanganya watu sana, mbele imeandikwa 800 kwa herufi kubwa lakini hiyo ni joto linaloingia kwa chakula, nyuma utakuta inavuta wati 1,200 mpaka 1,400 kutoka kwa ukuta.

Tuchukue duka la mfano, Umoja, breka ya 32:

Mashine ya chipsi matangi mawili, 2,500 kila tangi: 5,000
Birika la stima: 2,200
Maikrowevu: 1,400
Woma, lile kabati la glasi la kuweka chipsi na soseji moto: 1,000
Blenda ya juisi: 1,000
Friji ya soda: 350
Friza ya nyama na kuku: 200
Taa na kuchaji simu: 100

Jumla 11,250. Gawanya kwa 240, ni karibu ampea 47. Kwa breka ya 32. Sasa unaona kwa nini.

Kuna kitu hapa huchanganya watu: "mbona huwa inafanya kazi vizuri dakika ishirini ndiyo ikate?" Ni vile breka imetengenezwa. Ukizidisha kidogo haikati hapo hapo, ndani kuna bamba linapata moto pole pole linapinda mpaka linaachia. Ukizidisha karibu nusu juu ya kiwango chake inaweza kuvumilia hata karibu saa nzima. Kwa hivyo kuwasha vyote asubuhi na kuona havijakata si dalili kwamba mko sawa. Lunch-hour ndiyo mtihani wenyewe.

3. Pima kinachotumika kweli, bila kununua chochote

Sabmita na mita nyingi za tokeni zina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kando yake imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, wakati mwingine 1600. Kama ni 1000, kila kupepesa ni wati-saa moja. Washa vile hutumia saa ya kazi, hesabu imepepesa mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, hizo ndizo wati unazovuta wakati huo. Ikipepesa mara 50 kwa dakika uko kwa wati 3,000. Kama mita ni ya 1600, badala ya 60 zidisha kwa 37.5.

Fanya hivyo na kila chombo peke yake, zima vingine vyote. Utashangaa. Woma ya jua kali ambayo haina kibandiko chochote, uliyouziwa kwa neno la mdomo kuwa "inakula kidogo tu", hapa ndipo inasema ukweli. Ukipima mashine ya chipsi, pima wakati mafuta bado yanapashwa, kabla thamostati haijaanza kuzima na kuwasha.

4. Hamisha joto lipeleke kwa gesi

Hii ndiyo hatua inayotatua mambo kwa watu wengi na ndiyo hawataki kusikia, juu tayari wamenunua mashine ya stima. Lakini sikiliza. Vitu vya kupasha moto ndivyo vinakula, mota na taa hula kidogo. Gesi haina breka. Kilo moja ya gesi ina joto la karibu uniti 13 za stima, na hata ukitoa lile linalotorokea pembeni ya sufuria, mtungi wa kilo 13 unafanya kazi kubwa sana.

Mashine ya chipsi ya gesi zipo, za dukani na za jua kali pale Kamukunji. Oveni ya gesi ya mkate na keki pia ipo, inahitaji stima kidogo tu ya kuendesha vidhibiti na taa. Maji ya chai chemsha kwa gesi asubuhi uweke kwa thamosi kubwa za hoteli, birika la stima rudisha nyumbani.

Turudi kwa duka letu la Umoja. Toa mashine ya chipsi ya stima, umebaki na 6,250, ampea 26. Toa na birika, umebaki na 4,050, karibu ampea 17. Kwa breka ile ile, bila kuongea na mtu yeyote ofisini.

Sasa onyo za gesi, na hizi usizipite mbio. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kukaa huko chini, kwa hivyo dirisha la juu peke yake halikusaidii, unataka tundu la hewa chini pia, karibu na sakafu. Mtungi ukae nje kwa kizimba chenye kufuli au mbali na moto, mpira usipite nyuma ya jiko. Kila ukibadilisha mtungi paka maji ya sabuni kwa viungo uangalie povu, usitumie kiberiti kama wengine wanavyofanya. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, funga mtungi ufungue mlango utoke. Na ukiona mtungi unaganda barafu kwa nje moto ukififia, si kwamba uliibiwa gesi, unaivuta haraka kuliko inavyoweza kugeuka mvuke. Chukua mtungi mkubwa zaidi au upunguze majiko.

5. Gawa vilivyobaki makundi matatu

Kundi la kwanza ni vya kutozimwa: friji, friza, taa, na chombo cha wateja kulipia kama unatumia. Hivi hesabu daima viko juu.

Kundi la pili ni vya zamu, yaani vinafanya kazi dakika chache halafu vinapumzika. Maikrowevu, blenda, toasta.

Kundi la tatu ni vya kukaa moto muda mrefu: woma, tangi la chipsi kama umebaki na la stima, hotpleti ya chapati.

Sheria yangu ni hii: kundi la kwanza lote, jumlisha kundi la tatu lote, jumlisha KIMOJA tu cha kundi la pili, hiyo jumla lazima iingie ndani ya asilimia 80. Kwa mfano wetu, ukitaka kubaki na tangi moja la chipsi la stima: 650 za kutozimwa, 3,500 za tangi na woma, 1,400 za maikrowevu. Jumla 5,550, ampea 23. Inaingia. Ukiwasha na blenda juu yake ni 6,550, ampea 27, umeshavuka ile asilimia 80. Haitakata leo lakini unaishi pembeni, na siku ya jua kali friji haipumziki.

6. Kila chombo kizito kiwe na njia yake

Chochote kinachopita wati 2,000 na kinakaa moto muda mrefu hakifai kushiriki soketi na kingine. Plagi ya pini tatu za mraba mwisho wake ni ampea 13, kama wati 3,000, na hata hapo haipendi kukaa siku nzima. Soketi ya mashimo mawili si ampea 26, watu hufikiria ni 13 mara mbili, hapana. Nyingi zimetengenezwa zibebe kama 20 kwa jumla. Weka matangi mawili ya 2,500 hapo na baada ya muda utaona plastiki inageuka rangi ya chai.

Mwambie fundi avute waya wake kutoka kwa boksi la breka mpaka kwa chombo: wa 4 kwa tangi moja la 2,500 mpaka 3,000, wa 6 kwa mashine ya 5,000 na breka ya 32. Kwa hiyo ya 5,000 usiweke plagi ya kawaida kabisa. Tumia ile swichi kubwa ya ampea 45 inayowekwa kwa instant shower, au soketi ya bluu ya viwandani ya 32.

Ekstensheni ni ya kuchaji simu. Hata iwe na mashimo sita, mwisho wake ni ile plagi moja iliyoingia ukutani, na kama ni ile ya kuviringishwa ukaiacha imeviringwa ikibeba mzigo inajipika yenyewe ndani.

Waya nunua mahali pa kueleweka, na ujaribu kukwaruza. Kuna waya sokoni zimepakwa rangi ya kopa juu, ndani ni alumini nyeupe, zinabeba kidogo sana kuliko zilivyoandikwa. Kwaruza ncha na kisu, ikitokea nyeupe mrudishie. Na waya mwepesi kupita kiasi mkononi ukilinganisha na mwenzake wa saizi ile ile, ujue.

Athi, yaani earth, waya unaopeleka stima iliyovuja ardhini. Hapa nitasema kwa sauti kubwa. Jikoni ni maji, chumvi, mafuta na chuma pamoja. Duka lisilo na athi halifai kuwa na mashine ya chipsi ya stima, nukta. Fundi apime athi kwa kifaa, asiseme "iko" kwa kuona waya wa kijani tu, juu kuna ploti huo waya wa kijani unaishia hewani nyuma ya ukuta. Halafu aweke swichi ya kuvuja, inayokata stima ikianza kuvuja, ile ya milliampea 30 yenye kitufe cha kujaribu. Bonyeza hicho kitufe mara moja moja, isipokata haifanyi kazi.

7. Zuia mikono ya watu na ratiba

Wewe umeelewa, lakini mfanyakazi wako wa jioni hajasoma haya. Bandika karatasi ukutani, fupi: MAIKROWEVU IKIWAKA BLENDA HAPANA. Watu watasahau, hasa kukiwa na foleni.

Kuna ujanja mzuri kuliko karatasi. Ile swichi ya kugeuza ya jenereta, ya kuchagua stima ya laini au ya jenereta, fundi anaweza kuifunga kinyume: stima inaingia mahali pamoja inatokea upande mmoja au mwingine. Soketi ya maikrowevu upande wa kushoto, ya blenda kulia. Haiwezekani viwake pamoja hata mtu akitaka. Ni kitu cha bei ndogo na kinanyamazisha kelele nyingi kati yako na wafanyakazi.

Ratiba yenyewe ifuate njaa ya mtaa. Asubuhi ni chai na mandazi, hiyo ni gesi, stima imelala, basi huo ndio wakati wa kusaga, kukanda unga kwa mashine na kupasha woma kabla. Woma na tangi visianze pamoja, washa tangi, likishapata moto thamostati izime mara ya kwanza, ndiyo uwashe woma. Friza jaza usiku ukifunga, igandishe wakati hakuna kingine, mchana usiifungue fungue. Usitie nyama ya moto ya kutoka buchari saa saba mchana halafu ushangae.

8. Linda friji na friza

Kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, kwa sekunde. Ndiyo maana taa zinafumba jicho. Stima ikikatika na kurudi hapo hapo kompresa inajaribu kuanza ikiwa bado na presha, inanguruma bila kuanza, na ikirudia rudia inaungua. Nunua fridge guard, kile kidude cha kati ya plagi na soketi kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima na kinachokata volti zikishuka au zikipanda sana. Moja kwa kila friji, usitumie moja kwa vyote na ekstensheni.

9. Ikiwa bado haitoshi

Kwanza uliza kama ploti tayari ina fezi tatu. Angalia kwa kabati la mita: ukiona katauti tatu (boksi za fyuzi pale stima inapoingia), stima iliyoingia ni volti 415 na maduka yamegawanywa kwa fezi. Mara nyingi zote zimerundikwa kwa fezi moja ambayo ndiyo pia ina nyumba zenye instant shower, na nyingine iko karibu tupu. Fundi akiongea na mwenye ploti anaweza kukuhamisha kihalali, hiyo peke yake inabadilisha volti zako za jioni.

Pili ni kuomba mita yako au fezi tatu Kenya Power. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha waya kutoka kwa fundi mwenye leseni, na mwenye jengo akubali. Wakishakagua wanakupa kwoti, na hiyo inategemea uko umbali gani na nguzo na kama transfoma ina nafasi. Kabla ya kulipa hakikisha una mkataba wa duka wa muda wa maana, usije ukavutia mtu mwingine stima halafu akupandishie kodi.

Jenereta na betri watu huuliza sana. Inveta na betri ni za taa, friji na kuchaji, si za joto. Betri moja ya volti 12 ya ampea-saa 200 ina kama wati-saa 2,400, na ya asidi hutakiwi kutumia zaidi ya nusu, kwa hivyo birika moja linaimaliza kwa nusu saa. Jenereta ikae nje kabisa, moshi wake unaua kimya kimya, na iunganishwe kupitia swichi ya kugeuza. Usiwahi kuiingiza kwa soketi na waya wenye plagi pande mbili. Fundi wa laini aliye juu ya nguzo akijua stima imekatwa, wewe ndiye unamrudishia.

KOSA LINALOCHOMA MADUKA

Breka ya 32 inakata, fundi wa kuitwa tu anakuja anaweka ya 63, anachukua pesa yake anaondoka, na kweli haikati tena. Bila shaka haikati, sasa waya wa 4 ulio ndani ya ukuta ndio umegeuka kuwa fyuzi. Unaiva pole pole nyuma ya mbao na dari ambapo huoni. Breka iko pale kulinda waya, haijui hata kama una friji. Ukitaka breka kubwa, waya ubadilishwe kwanza, kutoka kwa mita mpaka mwisho. Mtu akikataa kubadilisha waya na anataka kubadilisha breka tu, mlipe fare arudi kwao.

Kosa lingine, dogo lakini la hatari: kuamini rangi. Nyumba za zamani bluu inaweza kuwa fezi, na mpya bluu ni nyutro, waya wa kurudisha stima. Ndiyo sababu moja hufai kujifungulia boksi mwenyewe na bisibisi ya taa.

Na moto wa mafuta usimwagie maji hata tone, zima stima au gesi, funika na mfuniko wa sufuria au blanketi la moto. Uwe na mfuniko unaotosha tangi, ukining'inia hapo karibu, si chini ya meza ya viazi.

IKIKATAA, ANGALIA HAPA

Inakata hapo hapo ukiwasha. Si mzigo mkubwa, ni hitilafu. Chomoa vyote, rudisha breka, chomeka kimoja kimoja mpaka umpate mwizi. Breka ikikata na hakuna kitu kimechomekwa, ni waya, mwite fundi.

Inakata baada ya dakika ishirini, nusu saa. Umezidisha. Rudi hatua ya 5.

Swichi ya kuvuja inakata ukiwasha mashine ya chipsi peke yake, hasa kama ilikaa wiki kadhaa bila kutumika. Elementi, kile chuma cha kupasha mafuta, imenyonya unyevu. Fundi aipime, wakati mwingine inakauka ikipashwa taratibu mahali pakavu, wakati mwingine ni kubadilisha tu. Usiondoe swichi ya kuvuja ati ndiyo inasumbua.

Plagi au soketi ni ya moto mkononi. Zima sasa, si jioni. Skrubu imelegea ndani au soketi imechoka. Inabadilishwa, haifungwi na tepu.

Chipsi zinanyonya mafuta jioni na mchana ziko sawa. Hapa wengi hulaumu viazi. Pima volti saa moja jioni mpaka saa tatu, wakati mtaa mzima uko nyumbani. Volti zikishuka hadi 200, elementi ya 2,500 inatoa kama 1,700 tu, mafuta hayarudi moto haraka na kiazi kinakaa kinaogelea. Punguza kiasi unachotia kwa mara moja, au tangi la jioni liwe la gesi. Stabilaiza ya kubeba tangi zima ni pesa nyingi kwa kitu ambacho gesi ingetatua.

Friza inalia "tik" kila baada ya muda na haigandishi. Volti ziko chini, kompresa inajaribu kuanza inashindwa. Chomoa mpaka volti zipande.

Tokeni zinaisha haraka ghafla na hujaongeza chombo. Zima kila kitu, chomoa, uangalie ile taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa kuna anayekula kwako au kuna mvujo. Ikitulia, tafuta mlango wa friji usiofunga vizuri na thamostati iliyoshikana, tangi la chipsi linalochemka bila kuzima ndilo hujificha hapo.

Unashtuliwa kidogo ukigusa chuma cha mashine. Usizoee, na usivae tu slipasi nzito ukaendelea. Athi haipo au imekatika. Zima mpaka ipimwe.

Taa zinang'aa kupita kawaida kwako na kwa jirani zimefifia, au kinyume chake, na zinabadilika jirani akiwasha kitu. Hii ni nyutro iliyolegea au kukatika kwenye fezi tatu, na inaweza kukupelekea volti zaidi ya 300 kwa friji. Usisubiri kuelewa. Shusha meni swichi, waambie majirani washushe zao, piga 97771 uwape namba ya mita, na usiwashe chochote mpaka mtu apime volti mbele yako.